Sabini na mbili, na maneno ya wanamuziki

Sisi watu wa Rumonge tukisema "sabini na mbili" hatuongezi neno. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walianza kuua Watutsi huku kwetu kando ya Tanganyika, toka Rumonge mpaka Nyanza-Lac. Halafu jeshi la Rais Micombero likaua Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma. Wengi walivuka ziwa kuja Tanzania, na mashamba yao ya michikichi yakabaki kwa wengine. Ugomvi wa mashamba hayo haujaisha mpaka leo.

Agosti ya mwaka huohuo Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Karibu 28,000 walifika Uingereza. Wao walipanda ndege, wazee wetu walipanda mitumbwi, lakini walifukuzwa kwa neno moja: nyie si wa hapa.

Na Uingereza nako neno likawafuata. Agosti 1976 mpiga gitaa Eric Clapton, akiwa jukwaani Birmingham, alisema wageni waondoke, akamsifu Enoch Powell, mwanasiasa aliyepinga wahamiaji. Yeye huyohuyo aliyeshika namba moja Marekani kwa wimbo wa Bob Marley! Mpiga picha Red Saunders na wenzake wakamwandikia barua kwenye magazeti ya muziki, wakamkumbusha muziki wake umetoka kwa watu weusi, wakaita wengine wajiunge nao. Ndivyo lilivyoanza kundi la Rock Against Racism. Tarehe 30 Aprili 1978 The Clash na Steel Pulse walipiga Victoria Park, London, mbele ya makumi ya maelfu.

Watu husifu lile tamasha. Mimi naipenda zaidi barua, kwa sababu ilimtaja mtu, tena mtu waliyempenda.

Kwetu Kidum, aliyekimbilia Kenya 1995, alituimbia Yaramenje kwa Kirundi, na kila kabila liliupenda. Namheshimu sana. Ila wimbo wa amani haumjibu mtu fulani. Hapa kambini kila tarehe 20 Juni wasanii wote wanaimba amani, sawa. Lakini mmoja akishika maiki akawaita watu wa kabila jingine majina ya wanyama, wenzake wanacheka, eti utani. Anayepanda baada yake anaanza tu wimbo wake. Kwa nini asimjibu kwanza, kwa jina, biti ikisubiri?