Chumvi ya Pangani na Maji ya Bumbuli

Nyuma ya mikoko ya mdomo wa Mto Pangani, mahali chumvi ilipozidi, hubaki uwanda wa tope usioota mti. Maji ya bahari huufikia wakati wa bamvua. Yakishatoka, jua hukausha kilichosalia na chumvi hujilimbikiza, hata ikaushinda mchu, mti unaotoa chumvi kwa majani yake. Huota mimea mifupi yenye majani manene, basi. Mikoko nayo ina safu zake: mlilana hukaa mbele kupokea mawimbi, na nyuma yake hufuata mkoko na mkandaa.

Mpaka wa chumvi hauwekwi na bahari peke yake. Mto husukuma kutoka bara, na sehemu ya nguvu hiyo hutoka milima ya Usambara Magharibi. Maji ya miteremko ya mashariki, upande wa Bumbuli, huangukia bonde la Lwengera, na Lwengera huingia Pangani jirani na Korogwe. Masika chumvi hurudi nyuma. Kiangazi hupanda mto.

Milima na mdomo huo vilifungamana pia kwa utawala na biashara. Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Kikilindi aliyekaa Vugha milimani hadi alipofariki mwaka 1862, alikuwa na sauti hata pwani. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipomtembelea mwaka 1857 walipandia Pangani. Boriti za mikoko zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni, ambako miti ya kujengea ni adimu. Baadaye katika karne hiyo kingo za mto zilijaa miwa iliyolimwa na watumwa, kwenye ardhi iliyofikiwa na maji matamu. Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani tangu 1888 na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo.

Wajerumani walithamini magome ya mikoko kwa kutengenezea ngozi. Waingereza waliangalia zaidi milima: mwaka 1946 walianza Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko, kisha wakaueneza Usambara. Wakulima walilazimishwa kulima kwa matuta, kazi ngumu iliyowaangukia zaidi wanawake. Upinzani ukauvunja mpango mwaka 1957. Udongo ulikuwa ukichukuliwa kweli. Amri ndiyo iliyoharibu jambo.

Mto wenyewe ulibadilishwa na umeme. Maporomoko ya Pangani yalianza kuuzalisha miaka ya 1930, Hale ikafuata mwaka 1964, bwawa la Nyumba ya Mungu mwishoni mwa muongo huo, na New Pangani Falls, yenye megawati 68, katikati ya miaka ya 1990. Mabwawa ndiyo hulaumiwa kwanza chumvi inapopanda. Hata hivyo kilimo cha umwagiliaji ndicho mnywaji mkubwa wa maji ya bonde zima, na mifereji ya kabichi na nyanya ya Usambara imo katika hesabu hiyo.

Ukataji wa mikoko nchini ulipigwa marufuku mwaka 1987. Nyanda tupu za aina hii ndizo zinazofaa mashamba ya chumvi katika pwani ya Tanga: maji huingizwa wakati wa bamvua, lango likafungwa, jua likamaliza kazi. Mvua ya ghafla huiyeyusha chumvi. Wachimbaji wa mabwawa ya chumvi wanapovuka uwanda, mchu ndio hutangulia kufyekwa. Kwa upande wa mto, vibali vya kutumia maji, kuanzia mifereji ya milimani hadi mitambo ya Hale, husimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake ilianzishwa mwaka 1991.