FFmpeg: Kabla Useme Kodi Si Yako, Angalia Tarehe

Wasee wengi mnaniuliza muanze na lugha gani mkitaka kuandika programu za vidio. C ama Python? Mimi naona swali la kwanza ni lingine: hilo somo unalofuata liliandikwa mwaka gani?

FFmpeg ndiyo mtambo ulio chini ya programu nyingi tunazotumia kufungua na kubadilisha vidio. VLC inautegemea. Ulianzishwa mwaka wa 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, ambaye wakati huo alitumia jina la bandia, Gérard Lantau. (Jamaa huyu huyu ndiye aliyeanzisha QEMU, halafu 2009 akakokotoa pi hadi tarakimu karibu trilioni 2.7 kwa kompyuta ya kawaida ya mezani. Kuna watu na kuna watu.) Baadaye Michael Niedermayer wa Austria akashika usukani.

Halafu 2011 kukaumana. Baadhi ya waandishi wa kodi walitaka uongozi ubadilike, hawakuelewana na Niedermayer, wakatoka na kuunda Libav. Debian na Ubuntu zikaenda na Libav. Sasa fikiria wewe ni mgeni, unaandika ffmpeg kwa Ubuntu yako, kompyuta inakujibu kwamba programu hiyo haiendelezwi tena, utumie avconv. Na kumbe FFmpeg yenyewe ilikuwa hai, inaendelea na kazi kila siku! Ni mwaka wa 2015 ndipo Debian ilirudi kwa FFmpeg, na Niedermayer akajiuzulu uongozi mwaka huo huo.

Hiyo vita iliisha, lakini masomo ya enzi zile bado yako mtandaoni, na ndiyo yanayowaumiza wanaoanza. Mengi yanaanza na av_register_all. Hiyo iliwekwa kando kwenye toleo la 4.0 mwaka wa 2018, ikaondolewa kabisa kwenye 5.0 mwaka wa 2022. Mtu amenunua bando, amekesha, amenakili kila mstari vile ulivyo, kodi inakataa. Anafunga laptopu akijiambia hii kazi ni ya waliomaliza digrii. Mimi niliacha chuo, na hiyo sentensi naichukia.

Wazo lenyewe si gumu. Faili ya MP4 ni kama gunia. Ndani kuna pakiti za picha na za sauti, zimechanganywa. avformat_open_input inafungua gunia, avformat_find_stream_info inachungulia kuna nini, av_read_frame inatoa pakiti moja. Ndiyo, jina linasema fremu lakini unapewa pakiti. Jina la zamani, zoea tu. Pakiti imebanwa, kwa hivyo unampa kodeki aifungue.

Hapo ndipo mambo yalibadilika zaidi. Zamani kulikuwa na avcodec_decode_video2: unaita mara moja, unatumai fremu itatoka. Lakini kodeki za kisasa zinaweza kumeza pakiti kadhaa kabla ya kutoa picha yoyote, kwa sababu fremu nyingine hutegemea ile inayokuja baadaye. Ndiyo maana 2016, toleo la 3.1, kazi iligawanywa mara mbili: avcodec_send_packet ya kulisha, avcodec_receive_frame ya kupokea. Ukipokea ukaambiwa EAGAIN, usishtuke. Hiyo si hitilafu, kodeki ana njaa tu, mlishe pakiti nyingine. Na gunia likiisha, mtumie pakiti tupu ili ateme fremu zilizobaki tumboni, la sivyo vidio yako itakosa mwisho.

Ukipakua kodi asili ya FFmpeg, ingia folda ya doc/examples, ufungue decode_video.c. Hiyo inaendana na toleo ulilonalo. Na kando yake, ndani ya doc, kuna faili inaitwa APIchanges: kila badiliko na tarehe yake, jipya likiwa juu. Somo lako likikataa, tafuta humo jina la kitu kilichokataa.