Mrehani, Kivumbasi na Maji ya Newala

Mara nyingi habari za kale husimuliwa kwa majina ya wakuu na vita. Leo twapenda kuzisimulia kwa mimea miwili inukiayo, tena ya ukoo mmoja: kivumbasi na mrehani.

Kivumbasi ni mwenyeji. Huota chenyewe kando ya njia na katika mashamba yaliyoachwa. Mrehani ni mgeni: jina lake ni la Kiarabu, na huko Unguja wanawake huuchanganya na asumini kufanya vikuba. Zamani njia za misafara zilitoka Lindi na Mikindani zikaelekea ziwa la Nyasa, na mambo mengi ya pwani yalipanda bara pamoja na wapitaji. Kwa njia ya Lindi ndipo Askofu Steere alipofika Masasi mwaka 1876, pamoja na watu waliokombolewa utumwani waliotoka Unguja, wakajenga mji wao hapo.

Lakini kupanda mrehani juu ya uwanda wa Makonde si jambo jepesi, maana maji yako chini mabondeni. Kwa nini basi watu walikaa juu? Sababu moja ni vita. Mwaka 1882 Masasi ilishambuliwa na Wangoni, na wamisionari wakahamia Newala. Sababu nyingine imo katika hadithi ya kale ya Wamakonde, ambayo Karl Weule, mtaalamu Mdachi aliyekaa Newala mwaka 1906, aliiandika. Yasemwa kwamba mtu wa kwanza na mkewe walikaa karibu na mto Ruvuma, mtoto wao akazaliwa amekufa. Wakahama wakakaa karibu na mto mwingine, ikawa vile vile. Walipopanda juu, mtoto akaishi. Basi wakawausia watoto wao wasikae karibu na mito, kwani huko kuna maradhi.

Tuitazame hekima hiyo. Ni mwaka 1897 tu ndipo daktari Ronald Ross, huko India, alipoona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Wazee wetu hawakuwa na darubini, lakini walikwisha kujua kwamba mabondeni kuna kifo. Walilipa gharama ya ujuzi huo kwa miguu ya wanawake, walioshuka na kupanda na mitungi kichwani siku zote, hata mashine za kupandisha maji zilipoanza kujengwa miaka ya 1950.

Kwa hiyo mrehani hufaa kupandwa karibu na mahali pa kunawia, upate maji yaliyokwisha kutumika, yasiyo na sabuni nyingi. Nyunyiza mbegu juu ya udongo laini katika chungu kilichovunjika, uzifunike kwa udongo mwembamba tu, nazo huota baada ya siku chache. Mche ukiwa na majani ya kutosha, kata ncha yake upate matawi mengi. Maua yakitokea, yakate pia, ila machache uyaache kwa mbegu. Majani hutiwa katika mchuzi na katika chai.

Kivumbasi nacho kina kazi yake. Matawi yake huchomwa au kutundikwa nyumbani jioni, nao mbu huchukia harufu yake. Mafuta yake mara nyingi yana kitu kile kile kinukiacho katika karafuu. Lakini moshi ukiisha, mbu hurudi. Basi mtu asiache chandarua kwa kutumaini jani, wala mtoto mwenye homa asikawizwe kupelekwa kwa mganga wa hospitali.

Wanafunzi, mkirudi nyumbani, waulizeni bibi zenu waliteka maji wapi. Kisha mwagilieni mrehani kwa kipimo, mkikumbuka waliopanda mlima na mtungi ule.