Barabara ya Hamsini na Saba: Mwongozo kwa Madereva Waendao Kitulo

Barabara ya Chimala–Matamba, ijulikanayo zaidi kama Hamsini na Saba, ni njia ya mlimani inayounganisha barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya na uwanda wa juu wa Kitulo. Jina hilo limetokana na idadi ya kona kali zilizopo katika mwinuko huo. Njia huanzia Chimala, kilometa 78 mashariki mwa Jiji la Mbeya, na kupanda hadi Matamba, Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe.

Kwa wakazi wa Matamba, hii ni njia ya kushusha viazi sokoni na kumfikisha mgonjwa hospitali. Kwa watalii, ni lango la Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005 na kupewa na wenyeji jina la Bustani ya Mungu. Hifadhi hiyo ipo takribani meta 2,600 juu ya usawa wa bahari.

Msimu wa safari

Maua ya Kitulo hustawi zaidi kati ya Desemba na Aprili. Miezi hiyo ndiyo ya mvua, hivyo sehemu za udongo huteleza na kingo za barabara hulainika. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna baridi na ukungu. Msafiri anayefuata maua anashauriwa kutumia gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne, kupanda asubuhi na kuahirisha safari mvua kubwa inaponyesha.

Kupanda na kupishana

Dereva akague breki, maji ya rejeta na matairi kabla ya kuondoka Chimala. Tairi kipara halifai mlimani. Achague gia nzito kabla ya kuanza mwinuko, kwani gari likipoteza nguvu katikati ya kona huweza kurudi nyuma. Apige honi kabla ya kila kona isiyoonesha mbele. Magari mawili yakikutana penye wembamba, anayeshuka amsubiri anayepanda, kwa kuwa gari lililosimama mlimani, hasa lenye mzigo, huondoka kwa shida.

Kushuka

Hatari kubwa ipo katika kushuka. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata joto kali na kupoteza uwezo wa kushika. Kwa sababu hiyo, dereva ashuke kwa gia ileile ambayo angeitumia kupandia, aiache injini izuie mwendo, na atumie breki kwa vipindi vifupi. Kuzima injini au kuondoa gia ili kuokoa mafuta ni kuhatarisha maisha ya abiria. Akinusa harufu ya kuungua, asimame mahali salama, aweke jiwe kwenye tairi na asubiri breki zipoe.

Abiria nao wana haki ya kumtaka dereva apunguze mwendo. Kwa dharura, piga namba 112.