Jioni Moja New Orleans: Msosi wa Bahari, Jazz Laivu na Ndoo Isiyofaa Kupita Tupu

Kama safari yako ya Marekani inapitia New Orleans, jimbo la Louisiana, usimalize usiku wote Bourbon Street ukipiga selfi na watalii wenzako. Huu ndio mji alikozaliwa Louis Armstrong mwaka wa 1901, na bendi bado zinapiga kila usiku. Hii hapa rada ya jioni moja.

Kabla jua lizame

Anzia Congo Square, ndani ya bustani ya Louis Armstrong. Karne ya 19, watumwa wa Kiafrika walikuwa wakikutana hapo Jumapili, siku yao ya mapumziko, kupiga ngoma, kucheza na kuuza vitu. Mizizi ya jazz inafika hadi hapo.

Sasa tumbo

Mto Mississippi unaingia Ghuba ya Mexico upande huu, kwa hivyo kamba, kaa na chaza ni msosi wa kawaida. Usikose hizi:

*Gumbo:* Mchuzi mzito unaoanza na unga wa ngano uliokaangwa kwa mafuta hadi uwe kahawia. Unatiwa kamba, kaa na mara nyingi bamia, halafu unashushwa na wali. Hata jina lenyewe linatokana na neno la Kiafrika la bamia.

*Po'boy:* Mkate mrefu uliojazwa kamba au chaza wa kukaangwa. Jina linahusishwa na mgomo wa wafanyakazi wa tramu wa 1929, ambapo ndugu wawili wa familia ya Martin waliwalisha wagomaji bure.

*Crawfish:* Hawa ni kamba wa maji baridi. Wanachemshwa na pilipili, viazi na mahindi, wanamwagwa mezani na mbogi yote inakula kwa mikono. Nenda kati ya Machi na Mei. Na kama umewahi kuwaona Ziwa Naivasha, ni jamii hiyo hiyo ya Louisiana, waliletwa ziwani humo mwaka wa 1970.

Chaza mbichi ni watamu lakini wanaweza kubeba bakteria hatari. Kama ini lako lina shida au kinga yako iko chini, itisha waliochomwa na siagi na kitunguu saumu.

Jazz yenyewe

Preservation Hall, iliyofunguliwa 1961 mtaa wa St. Peter, ni chumba kidogo kisicho na jikoni wala baa. Unakaa karibu na bendi, unaskiza, basi. Shoo haifiki saa moja, so kata tiketi mapema.

Ukitoka hapo, tembea hadi Frenchmen Street. Vilabu vimepangana, tarumbeta ya mlango huu inajibizana na tromboni ya mlango ule. Vingi havitozi kiingilio, lakini unatarajiwa kununua kinywaji. Beba pasipoti, juu pombe ni miaka 21 kwenda juu na hawachezi.

Ndoo ikikufikia

Hapa ndipo wageni wengi huanguka. Bendi ikifika katikati ya shoo, mmoja wao anazunguka na ndoo. Pale mlango ni bure, sehemu kubwa ya malipo ya wasanii inaweza kutoka kwa hiyo ndoo. Na huu mji umeshaona wanamuziki wakipotea: kimbunga Katrina cha Agosti 2005 kiliwatawanya, na si wote waliorudi.

Kwa hivyo vunja dola zako mapema, uwe na noti ndogo ndogo mfukoni. Wewe ni mtoto wa nyumbani, unajua kutuza. Kwenye taarab Mombasa hakuna anayeimbiwa hadi usiku wa manane halafu aondoke mikono mitupu ikining'inia. Ukiweza kununua gumbo, unaweza kuweka kitu kwa ndoo. Bila hiyo, safari yako ijayo utapata msosi uko, lakini jukwaa liko kimya.