Kifungu cha 217 na safari ndefu kutoka Lutindi hadi Kigamboni

Tarehe 3 Agosti 1961 Uingereza ilipitisha sheria mpya, na tangu siku hiyo Mwingereza aliyejaribu kujiua akanusurika hakupandishwa tena kizimbani kwa jaribio hilo. Miezi minne na siku sita baadaye bendera yake ikashushwa Dar es Salaam. Tanganyika huru ikarithi reli, bandari, shule za kuhesabika, na Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, ambayo kifungu chake cha 217 kinasema kwa maneno machache kwamba anayejaribu kujiua ametenda kosa. Tulikabidhiwa, basi, kitu ambacho mwenye nacho alikuwa ameshakitupa jalalani kwake. Kifungu chenyewe hakitaji adhabu. Ni kosa dogo, na makosa madogo yasiyotajiwa adhabu huangukia kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Katika Toleo la Sheria la mwaka 2022, Sura ya 16, maneno hayo bado yapo.

Mkazi wa Vijibweni au Kibada, huko Kigamboni, anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Kigamboni ni wilaya iliyomegwa kutoka Temeke, yenye watu 317,902 kwa sensa ya 2022, na kwa vizazi kadhaa imekuwa karibu na jiji kwa macho, mbali kwa miguu. Kabla Daraja la Nyerere halijafunguliwa Aprili 2016, aliyeandikiwa kwenda Hospitali ya Muhimbili alivuka kwa pantoni hadi Feri kisha akatafuta daladala, ama alizunguka kwa barabara kupitia Kongowe na Mbagala. Kwa mwenye jino bovu huo ni usumbufu tu. Kwa mama anayemvusha kijana anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, amemshika mkono katikati ya baiskeli, ndoo za samaki na mamia ya macho yasiyo na kazi nyingine kwa dakika zile za kuvuka, ni jambo jingine kabisa. Ninachodai ni kwamba serikali zetu hazijawahi kukosa washauri wa afya ya akili. Zimeshauriwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Ushauri uliomwondoa mgonjwa machoni pa watu ulijengewa matofali upesi. Ule uliotaka huduma imfuate mgonjwa alipo uliishia njiani, na kifungu cha 217 ni sehemu ya kilichoukwamisha.

Historia hiyo inaanzia milimani. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani wa Bethel walifungua Lutindi, juu ya Korogwe katika safu ya Usambara, kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 yakageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza Afrika Mashariki, na wagonjwa wakatibiwa kwa utulivu wa mlima na kazi za shamba. Waingereza nao mwaka 1927 wakajenga hospitali ya Mirembe mjini Dodoma, na baadaye Isanga ikawa mahali pa wale wanaopelekwa kwa amri ya mahakama. Jina Mirembe maana yake ni amani, lakini vijiweni Dar es Salaam limekuwa tusi la utani: ukichemka kidogo unaambiwa tiketi yako ya Dodoma iko tayari. Utani huo ni ushahidi, kwa namna yake. Taifa lilifundishwa kwamba ugonjwa wa akili una mahali pake, na mahali penyewe ni mwisho wa safari ndefu.

Aliyeipa fikra hiyo sura ya kitaalamu ni J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na kudai kwamba sonona na kujiua ni nadra kwa watu weusi. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikachapisha maelezo yake kuhusu Mau Mau, ambamo watu wenye madai ya ardhi waligeuzwa kuwa watu wenye kasoro ya nafsi. Ubaguzi wake hauhitaji mjadala leo. Kinachonivuta zaidi ni kosa lake la kuhesabu, kwa sababu hilo linarudiwa hata na watu wema. Carothers aliwahesabu waliofika kwenye lango la Mathari, na lango la hospitali ya aina ile lilipitisha wanaosumbua: anayerusha mawe, anayetembea uchi sokoni. Mwanamke aliyeacha kula na kuzungumza, akajikunja kwenye mkeka wake nyumbani, hakumsumbua askari yeyote. Hakuletwa, hakuhesabiwa, na mshauri akaiandikia dunia kwamba hayupo.

Baada ya uhuru ushauri ulibadilika, na ulibadilika kwa uzuri. Huko Abeokuta, Nigeria, Thomas Lambo alikuwa ameonyesha tangu 1954, katika kijiji cha Aro, kwamba mgonjwa anaweza kutibiwa akiishi na nduguze miongoni mwa wanakijiji. Tanzania ilikuwa na vijiji vyake vya namna hiyo, na kimojawapo ni Vikuruti, upande wa Chanika nje kidogo ya jiji, ambako wagonjwa waliopata nafuu walilima kabla ya kurudi makwao. Kisha katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani na Danida, shirika la misaada la Denmark, wakaisaidia serikali kuanzisha programu ya taifa ya afya ya akili katika mikoa miwili ya majaribio, Morogoro na Kilimanjaro. Wazo lilikuwa jepesi kulieleza: mganga na muuguzi wa zahanati wafundishwe kutambua kifafa, wazimu na sonona, dawa za msingi ziwepo pale pale, na hospitali kubwa zibaki na kesi ngumu. Fini Schulsinger na Assen Jablensky waliandika ripoti ya kazi hiyo mwaka 1991, na hadi leo wanaosomea fani hii duniani huitaja. Lakini mikoa miwili si nchi, na miaka ile, rafu za dawa zikiwa tupu na uchumi ukipumulia mashine, kuieneza hadi kila zahanati ya pwani ilikuwa ndoto. Mwaka 2010 Joseph Mbatia, aliyekuwa mkuu wa afya ya akili wizarani, pamoja na Rachel Jenkins wa London, mshauri wa serikali nyingi katika mambo haya, walichapisha maelezo ya mfumo wa Tanzania, na kiini chake kilikuwa kile kile: huduma ya akili iingizwe katika afya ya msingi. Ushauri unaorudiwa kwa miaka thelathini si kwamba ni mbaya, haujamfikia anayeuhitaji.

Watu nao hawakukaa kungoja. Mwaka 2003 Ngoma na wenzake walichapisha utafiti uliowalinganisha wagonjwa wa vituo vya afya vya mjini na wale wa waganga wa jadi. Kwenye vituo, asilimia 24 walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili kama sonona na wasiwasi uliopitiliza. Kwa waganga walikuwa asilimia 48, mara mbili yake. Maana yake ni kwamba wenye sonona walikuwa na miguu, na walikuwa wakienda mahali. Mahali penyewe tu hapakuwa na rejista ya wizara. Ndivyo ilivyo hata kwa soba hausi za Kigamboni, zilizoanza kuwapokea vijana wanaotoka kwenye unga kwa sababu familia zilitafuta mlango ulio wazi, si kwa sababu waraka fulani ulielekeza hivyo.

Sasa turudi kwenye kifungu. Kituo cha afya, saa nane usiku. Kijana ameletwa kwa bajaji, anatapika, ndugu wawili wamemshika. Muuguzi anauliza amekula nini. Ndugu wanatazamana, kisha mkubwa wao anasema, “Amekula chakula kibaya, sista.” Wanajua kwamba panapoonekana harufu ya jinai huulizwa PF3, ile fomu ya polisi, na hawataki ndugu yao atoke wodini akiingia lokapu. Hakuna mwanasheria aliyewaambia hivyo. Wanakijua kifungu cha 217 kama watu wanavyojua kwamba bahari ina papa bila kuumwa naye. Katika rejista inaandikwa sumu ya chakula, kijana anaruhusiwa kesho yake, na hakuna anayemuuliza swali la pili. Hapo Carothers anapata ushindi asiostahili, maana kwenye takwimu watu wetu kweli hawajiui. Na kisichoonekana kwenye rejista hakipati fungu la bajeti.

Wapo wanaosema kifungu hicho hakitumiki, kwa hiyo hakina madhara. Kama hakitumiki, sijui kinalindwa kwa ajili ya nini. Lakini jibu zito zaidi ni kwamba nguvu yake haikuwa mahakamani hata siku moja, iko mapokezi. Wengine wanasema dini zetu zimekataza kujiua, na kufuta kosa ni kuhalalisha dhambi. Dini zimekataza pia usengenyaji, na hakuna anayedai tuufungulie mashtaka kila jioni kibarazani. Msikiti na kanisa vitabaki na makatazo yake bila msaada wa hakimu. Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya wahudumu wenyewe: kufuta maneno kwenye kitabu cha sheria hakujengi wodi wala hakuleti daktari. Ni kweli, na Sri Lanka inaithibitisha. Mwaka 1995 vifo vya kujiua huko vilifikia takriban 47 kwa kila watu 100,000. Walifuta kosa la kujaribu kujiua mwaka 1998, lakini kilichoshusha vifo hivyo kwa karibu nusu katika miaka kumi hakikuwa hicho. Kilikuwa kupiga marufuku, moja baada ya nyingine, dawa za mashambani zilizoua zaidi. Ila kujua ni zipi zinaua zaidi kulihitaji hospitali ziandike ukweli. Mamlaka yetu ya viuatilifu, iliyoko Arusha, inaweza kufanya kazi ile ile. Itaifanyaje kwa rejista iliyojaa chakula kibaya? Hata sisi wa magazeti hatusaidii, na kichwa chetu cha habari cha “ajiua kisa mapenzi” kinachomaliza maisha ya mtu kwa maneno matatu.

Kenya, iliyopewa kifungu cha aina hiyo hiyo na wakoloni wale wale, cha kwao kikiwa na namba 226, ilikwenda njia nyingine. Kikosi kazi kilichoongozwa na Dkt. Frank Njenga kiliishauri serikali mwaka 2020 itangaze maradhi ya akili kuwa janga la taifa. Ushauri huo ungeweza kuishia kabatini kama mingine. Lakini Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa akili walikwenda mahakamani, na tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akatamka kwamba kifungu cha 226 kinapingana na Katiba, kwa kuwa kinamwadhibu mtu kwa ugonjwa wake. Tangu uamuzi huo, pale mpakani Namanga, ambapo malori hupanga foleni pande zote mbili na wauza mahindi huvuka bila kutazama kibao, mtu aliyenusurika upande wa kaskazini ni mgonjwa. Akiwa hatua chache kusini mwa kizuizi, ni mtuhumiwa.