Asili ya Chipu Zilazo Umeme Kidogo

Watu wengi hudhani kwamba chipu ndogo zikaazo ndani ya simu, mita za maji na taa za jua zilizaliwa kwa kusudi la kuweka akiba ya umeme. Dhana hiyo ina sura ya ukweli, kwa kuwa leo hakuna sifa inayotangazwa zaidi kwa chipu hizo kuliko uchache wa chakula chao. Lakini asili ya ukoo wao ulioenea kuliko koo nyingine ni tofauti. Ufukara ndio uliokuwa mkunga, na bahati ilisimama mlangoni.

Habari yenyewe ni ya Cambridge, katika nchi ya Uingereza. Mwaka 1981 kampuni ndogo iitwayo Acorn ilitoa kompyuta ya BBC Micro, iliyoingia katika shule nyingi za nchi hiyo. Prosesa yake, 6502, ilikuwa ya biti 8, na haikuchukua muda kuonekana haba kwa kazi zilizokuwa zikija. Wahandisi wa Acorn walizijaribu prosesa kubwa zaidi zilizokuwa sokoni, wasiridhike na hata moja, maana ziliitumia kumbukumbu ya kompyuta polepole kuliko kumbukumbu yenyewe ilivyoweza kwenda. Mwaka 1983 Sophie Wilson na Steve Furber walisafiri mpaka Phoenix, Marekani, alikokuwa Bill Mensch akiiendeleza 6502. Walitazamia jumba kubwa lenye mitambo ya kutisha. Wakakuta nyumba ya kawaida mtaani, na wafanyakazi wachache, baadhi yao wangali wanafunzi. Wakarudi kwao na fikira moja: ikiwa hawa waweza, na sisi twaweza.

Hermann Hauser, mmoja wa waasisi wa Acorn, alizoea kusema baadaye kwamba aliwapa wahandisi wake vitu viwili ambavyo makampuni makubwa hayakuweza kuwapa wao: ukosefu wa fedha na ukosefu wa watu. Ni mzaha, lakini ndani yake mna sababu ya mambo yote yaliyofuata. Watu wachache hawawezi kuchora mashine yenye mapambo mengi. Wilson alitunga amri chache na nyepesi, akifuata fikira zilizokuwa zimeanza kuchapwa na wanazuoni wa Berkeley. Furber akachora mwili wa kuzitekeleza, akaandika kielelezo cha mwendo wake kwa lugha ya BASIC. Chipu yao ilikuwa na transista 25,000 hivi. Prosesa ya Intel 80386, iliyotoka mwaka ule ule wa 1985, ilikuwa na 275,000.

Na umeme je? Hapo ndipo penye kichekesho. Acorn haikutaka kulipia ganda la kauri, lililokuwa ghali, ilitaka plastiki. Plastiki haistahimili joto jingi, basi ikabidi chipu itumie chini ya wati 1. Kwa kuwa hawakuwa na vyombo vizuri vya kukadiria jambo hilo kabla ya chipu kutengenezwa, walijihadhari kila mahali, kama mpishi asiyejua ukali wa pilipili.

Tarehe 26 Aprili 1985 chipu ya kwanza ilifika, ikapachikwa, ikafanya kazi. Furber akataka kupima umeme uliokuwa ukiingia. Kipimo kikasoma sifuri. Prosesa inakokotoa mbele ya macho yake, na kipimo chasema haili kitu! Alipochunguza aligundua kwamba ubao ulikuwa na kosa, na waya wa umeme wa chipu haukuunganishwa kabisa. Chipu ilikuwa ikiishi kwa makombo: umeme mdogo uliopenya kutoka katika njia za ishara za chipu jirani. Ilipopimwa sawasawa, ilionekana kutumia takriban sehemu moja ya kumi ya wati.

Haki isemwe: si hao waliobuni mikrokontrola, yaani prosesa, kumbukumbu na milango ya kutolea ishara pamoja katika chipu moja. Texas Instruments iliuza TMS 1000 tangu mwaka 1974. Kadi ya simu nayo ina mikrokontrola ndani yake; menyu ya M-Pesa iliyoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, ilikaa katika kadi hiyo, hata simu ya bei ya chini kabisa ikaweza kutuma fedha.

Lakini uzao wa Cambridge ndio ulioenea. Mwaka 1990 Acorn, Apple na VLSI ziliunda kampuni ya ARM, yenye wahandisi 12 na ofisi katika ghala la shamba. Haikutengeneza chipu, iliuza ruhusa ya kutumia michoro yake. Mwaka 2004 ilitangaza Cortex-M3, ya kwanza katika jamii iliyokusudiwa hasa vifaa vidogo, ambavyo hulala karibu muda wote, vikaamka kidogo kupima joto au kupeleka habari, kisha vikalala tena. Acorn haikuiona siku hiyo. Mwaka 1999 ilinunuliwa ikavunjwa, na mali iliyowavuta wanunuzi ilikuwa hisa zake katika ARM.